Kliniki za watoto wenye VVU zipime na moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wahusika wa Wizara ya Afya jambo ambalo, kwa maoni yangu, kliniki zetu za tiba na matunzo (CTC) hazijalipa uzito unaostahili, nalo ni afya ya moyo wa mtoto aliyezaliwa na VVU.

Mtoto akifika kliniki hupimwa uzito na urefu, huulizwa habari za kikohozi na jasho la usiku ili kubaini kifua kikuu, na kila baada ya muda huchukuliwa damu ya kupima wingi wa virusi. Hayo ni ya lazima na yameokoa wengi. Hata hivyo, mtoto anayeacha mpira kabla wenzake hawajatoka jasho, au anayetweta akipanda kilima kidogo, mara nyingi hupewa dawa za nimonia, kisha za pumu, pengine hata za kifua kikuu kwa mara nyingine, huku moyo wake ukiwa haujachunguzwa. Nimeyaona hayo kazini, tena yakifanywa na watu waangalifu, kwa kuwa dalili za magonjwa hayo zinafanana mno.

Tatizo si dogo. Watafiti mjini Harare, Zimbabwe, waliwapima kwa ultrasound ya moyo vijana 110 waliozaliwa na VVU na kugundulika wakiwa wamechelewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takribani theluthi mbili yao walikuwa na unene usio wa kawaida katika chemba ya kushoto ya moyo. Utafiti uliofuata mjini humo, kwa watoto waliokuwa tayari wanatumia ARV, ulikuta kasoro kwa takribani wanne kati ya kila kumi. Virusi vyenyewe na mchochota wa muda mrefu hudhoofisha misuli ya moyo. Kifua kikuu huweza kujaza maji katika mfuko unaouzunguka. Na mapafu yaliyoharibika huulazimisha upande wa kulia wa moyo kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi.

Mzazi asije akasoma haya akamwachisha mtoto dawa. Ni kweli kwamba zidovudini, mojawapo ya ARV, imehusishwa na udhaifu wa misuli ya moyo kwa baadhi ya wagonjwa, lakini virusi visivyodhibitiwa huudhuru moyo zaidi.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba mashine ni chache na wataalamu wako mijini. Lakini kuhesabu pumzi, kusikiliza mapigo ya moyo, kutazama kama miguu imevimba na kumuuliza mlezi jinsi mtoto anavyocheza ni mambo ya dakika chache, na yangewekwa kwenye fomu ya kliniki yangefanyika. Watakaotiliwa shaka wangeandikishwa mapema ili Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inapopeleka tiba mkoba mikoani wapimwe hukohuko, bila nauli ya Dar es Salaam.

Watoto wanaozaliwa sasa na mama wenye VVU hupimwa virusi wakiwa na wiki sita, na walioambukizwa huanzishiwa dawa mapema, hivyo huenda wakaepuka mengi ya haya. Wanaonitia hofu ni vijana wa sekondari walioanza dawa wakiwa wamekwisha kudhoofu, ambao karibuni watahamishiwa kliniki za watu wazima. Ningeomba upimaji uanze na hao.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro