Kwenu wanangu mnaoona haya kutaja chuo chenu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokuja Marekani na wazazi wenu, pamoja na mliozaliwa huku, ambao mmemaliza sekondari na sasa mnajiandikisha katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Nimewasikia kwenye harusi na misiba yetu. Mkiulizwa mnasoma wapi, mnajibu "hapa hapa karibu" na kubadilisha mazungumzo. Baadhi ya wazazi nao wanawaumiza bila kukusudia, kwa kuwatajia kila siku mtoto wa fulani aliyekwenda chuo kikuu. Mimi nilisoma chuo kama chenu nikiwa tayari mzazi, na ningependa mnisikilize kidogo.

Vyuo hivi vilianzishwa kwa makusudi mema. Joliet Junior College cha Illinois, kikongwe kuliko vyote vya umma ambavyo bado vinafundisha, kilianza mwaka 1901. William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya Joliet, walitaka vijana wapate masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Eileen Collins alisoma Corning Community College, New York, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Syracuse. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha anga cha Marekani. Ukitaka mfano wa kumpa mjomba anayekubeza, mpe huo.

Ila faida niliyoipata mimi haimo kwenye cheti.

Kwa kuwa vyuo hivi kwa kawaida havichagui watu kwa alama, utakayeketi naye huenda asiwe rika lako. Darasa langu la uandishi lilikuwa na msaidizi wa wauguzi aliyetoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, mwanajeshi aliyekwisha kustaafu, binti wa miaka kumi na minane, na dereva wa lori aliyekaribia umri wa baba yangu mdogo. Dereva yule alikuwa akinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hapo sijaelewa." Alisema hivyo karibu kila kipindi, na kila aliposema niliona mabega ya nusu ya darasa yakishuka kwa nafuu, yangu yakiwamo. Sisi tumelelewa tusimsumbue mwalimu. Anayeuliza sana huonekana mjuaji au mzito. Kwa kumtazama mtu mzima asiyeona haya kutojua, nami nikaanza kuuliza, kwanza darasani, baadaye kwa daktari, kazini, na kwenye mikutano ya shule ya watoto wangu. Sikuwa nimejiandikisha kwa ajili ya hilo, lakini ndilo lililonibadilisha kuliko somo lolote.

Jambo jingine ni masomo ya lazima, yale mnayoyalalamikia kwamba hayahusiani na kazi mnayoitaka. Nilichukua jiolojia kwa sababu nilihitaji somo la sayansi lenye maabara, na hilo ndilo lililoingia kwenye ratiba yangu ya jioni. Mpaka leo sipiti barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima bila kutazama matabaka ya mwamba na kujiuliza lipi lilitangulia. Jipeni nafasi ya kupenda msichokitarajia.

Sasa mambo ya hesabu, maana hapa ndipo wengi huumia. Shahada ya miaka miwili kwa kawaida huhitaji krediti 60, yaani vipimo unavyohesabiwa kwa kila somo unalofaulu. Krediti 12 kwa muhula zinatosha uhesabiwe mwanafunzi wa muda wote, lakini katika mihula minne zinafika 48 tu. Kama unafanya kazi na unahitaji miaka mitatu, chukua mitatu kwa amani, mradi ujue mapema. Ukikusudia kuhamia chuo kikuu, kaonane na mshauri wa masomo katika muhula wa kwanza, umuulize kwa maandishi ni krediti zipi chuo unachokitaka kitazipokea. Makubaliano ya vyuo juu ya kupokea krediti hayafanani, na krediti iliyokataliwa ni fedha na usingizi uliopotea. Jaza kila mwaka FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, hairudishwi kama mkopo, na wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi, na waliopewa hifadhi wanaweza kuiomba kama raia. Wenye viza ya mwanafunzi hawaipati, kwa hiyo wao waulize chuo chenyewe kama kina ufadhili wake.

Wazazi mnaosoma barua hii juu ya bega la mtoto: mwacheni apate saa mbili za kusoma bila kumtuma kutafsiri barua za benki. Zitasubiri kesho.

Nanyi wanangu, kwa kawaida mwalimu huweka saa fulani za kukaa ofisini kupokea wanafunzi, na mara nyingi hukaa peke yake. Hamtakuwa mnamsumbua. Siku moja utahitaji barua ya kukupendekeza, na ataiandika vizuri yule tu anayekujua. Nenda wiki ya kwanza, kabla hujashindwa chochote. Mwambie jina lako linavyotamkwa, unatoka kazini saa ngapi, na ni kitu gani katika somo lake unachokiogopa.

Mzee wenu