Shukrani kwa Aliyenifundisha Kuutazama Mwanga

Mimi, mwanafunzi wa upigaji picha, ninatoa shukrani zangu za dhati kwako wewe ambaye, ingawa hukupenda jina lako litajwe, ulizipitia picha zangu za maisha ya kila siku moja baada ya nyingine na kunieleza kwa upole kilichopungua. Ulinielekeza nizime taa ya jikoni, nisogeze sufuria karibu na dirisha, kisha nisimame nikiuelekea mwanga, ili mvuke unaopanda uonekane mweupe mbele ya kivuli. Na kweli, mapishi ya mama yakaonekana ya moto hata kwenye karatasi. Kwa picha za watu barabarani ulisisitiza niombe ruhusa kwanza, jambo ninalolithamini kuliko ufundi wote. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema.