Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: Mtanzania ambaye pasipoti yake imekwisha anarudije nyumbani?

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni konda. Nimesomesha watoto kwa kazi ya mabasi ya Kenya: njia ya Namanga, ya Holili, ya Horohoro, na kwa muda mfupi ya Sirari. Nina jambo moja la kukuuliza, na ningeomba unijibu kwa maandishi. Raia wa Tanzania akifika mpakani akitokea nje, pasipoti yake imekwisha muda au hana kabisa, afisa wa Uhamiaji anatakiwa amfanye nini?

Nauliza kwa sababu majibu ninayoyasikia madirishani hayafanani. Yupo afisa anayemkalisha mtu pembeni, anamhoji, anaandika maelezo yake, anamruhusu apite. Yupo anayemwambia arudi Nairobi ubalozini. Yupo anayesema tumsubiri mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni. Abiria hajui atakutana na yupi, na mimi niliyemkatia tiketi sijui nimwambie nini kabla hajapanda.

Usidhani wanaofika hivyo ni wazembe watupu. Dada anayefanya kazi za ndani Nairobi, au fundi ujenzi aliyeko Mombasa, anaweza kukaa miaka bila kuvuka. Tarehe ya kwenye kitabu haimpigii simu. Wengine kitabu kinashikiliwa na mwajiri, na siku ya kugombana mwajiri hakitoi. Wengine walitoka na hati ya dharura ya safari, ikaisha wakiwa huko huko. Na kuna waliokwama kwa sababu yetu sisi wenyewe: pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, tukatangaziwa kwamba mwisho wa zile za zamani ni Januari 2020. Mtu akabaki na kitabu ambacho tarehe yake ya mwisho bado haijafika, na bado hakitumiki. Nimewaona wakimwonyesha afisa ile tarehe kwa kidole, wakidhani hajaiona.

Wimbi kubwa bado. Pasipoti za kawaida ni za miaka kumi, kwa hiyo zile za kwanza za 2018 zitaanza kuisha 2028. Hapo ndipo utaona foleni.

Nikueleze tukio moja. Kituo sitakitaja, maana afisa aliyekuwa zamu siku ile nimemwona siku nyingine akiwahudumia watu vizuri sana. Tulikuwa na dada mmoja wa Lushoto, mtoto mgongoni, anawahi mazishi ya mama yake. Pasipoti yake ilikuwa imeisha miezi michache nyuma. Afisa aliifungua, akaangalia tarehe, akaifunga, akaipitisha chini ya kioo. Ukurasa wenye picha hakuutazama. Dada akatoa kopi ya kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, iliyokunjwa mara nne mpaka maandishi yamefutika kwenye mikunjo. Akaulizwa hiyo ya nini. Akaambiwa arudi alikotoka, akatafute hati ubalozini.

Nje dereva anapiga honi, abiria wanalalamika: konda, sisi tutafika saa ngapi? Na wewe unajua, Mheshimiwa, kwamba mpakani hakuna shida inayokosa mtu wa kuitatua kwa hela. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshasikia kila kitu. Shilingi elfu mbili za Kenya, akasema, na mzigo apakie bure. Nikamshushia dada begi lake. Tulimkuta mbele kwenye kituo cha mafuta, vumbi mpaka kwenye nyusi, mtoto analia njaa.

Sasa tazama serikali ilipata nini hapo. Mtanzania ameingia kwao kwa njia ya panya, kwa hiyo hakuna rekodi kwamba ameingia. Upande wa Kenya hakugongewa muhuri wa kutoka, kwa hiyo kwa makaratasi yao bado yuko kwao na siku zake zinazidi kuhesabiwa. Hela aliyotoa haikuingia hazina ya nchi yoyote. Na askari akisimamisha basi barabarani kukagua wageni, huyu mama atajibu maswali kama mtu aliyekuja kuiba, ndani ya nchi aliyozaliwa. Aliyempitisha njia ya panya hakuwa jambazi. Ni lile jibu la dirishani.

Sikuandikii kama mwanasheria, lakini Katiba ninayo nyumbani, ile ya Kiswahili. Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Najua pia kwamba ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa sababu zilizotajwa. Sikupata humo mahali panaposema kitabu kikiisha na haki inaisha. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unasema kwenye ibara ya 12 kwamba mtu ana haki ya kurudi nchini kwake. Majirani zetu Wakenya wameliandika wazi zaidi kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 39: kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini. Nimewasikia maafisa wao wakigombana na mtu wao kwa pasipoti iliyokwisha, wakamfokea kweli kweli, halafu wakampitisha.

Tena tuangalie kituo cha Namanga kilivyo tangu mfumo wa kituo kimoja uzinduliwe Desemba 2018 na Marais Magufuli na Kenyatta. Ukitoka Nairobi hushuki tena upande wa Kenya. Unavuka, unashukia kwenye jengo la upande wetu, dirisha la kwanza Mkenya anakugongea kutoka, dirisha linalofuata Mtanzania anakugongea kuingia. Maana yake abiria anapoambiwa "huwezi kuingia Tanzania", amesimama wilaya ya Longido. Anafukuzwa kutoka Tanzania ili asiingie Tanzania. Tena kama Mkenya ameshamgongea kutoka, anarudi kule kwa haki ipi?

Nawaelewa maafisa. Hofu yao si ya bure. Barabara hizi zinapitisha watu kutoka Pembe ya Afrika wanaokwenda Afrika Kusini, na wapo wanaofundishwa kusema wanatoka Korogwe. Afisa akimpitisha mtu kimakosa, jina lake ndilo litakaloandikwa, na akimkatalia raia hakuna atakayemuuliza. Hata mimi ningekataa. Kwa hiyo anajitafutia vipimo vyake. Mwenyekiti wa kijiji chenu nani? Mnalima nini? Imba wimbo wa taifa. Anasikiliza lafudhi. Lakini Mdigo wa Tanga na Mdigo wa Lunga Lunga wanaongea lugha moja, Wamasai na Wakurya ni hivyo hivyo, na mtoto wa Muheza aliyekaa Mombasa miaka minane anaongea kama Mmombasa. Lafudhi haiwezi kuwa cheti cha kuzaliwa. Mwenyekiti naye anabadilika kila uchaguzi wa serikali za mitaa, mimi mwenyewe wa kwetu wa sasa simjui.

Kipimo cha kweli tunacho tayari. Mwaka 2019 na 2020 tulisajili laini za simu kwa alama za vidole. Kijana ameketi chini ya mwavuli stendi, ana kifaa kidogo mkononi, unamtajia namba ya NIDA, unaweka kidole, kinamwambia wewe ni nani. Kama kijana wa mwavuli anaweza kunitambua ili niweke vocha, dirisha la Uhamiaji linashindwaje kunitambua ili niende kumzika mama? Na pasipoti ya kielektroniki hatukuipata bila namba hiyo hiyo ya NIDA na vidole hivyo hivyo. Kitabu kikiisha, vidole vyangu havijafutika kwenye kompyuta zenu.

Wala kumpokea mtu bila kitabu si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa 2017, Watanzania waliofukuzwa kwenye machimbo ya Montepuez, Msumbiji, walirudi kupitia mkoa wa Mtwara, wakieleza kwamba wamenyang'anywa mali zao. Walipokelewa, wakaandikwa, wakaenda makwao. Nilijivunia nchi yangu siku zile. Ninachoomba ni kwamba mtu mmoja mmoja naye apate kile walichopata wale kwa sababu walikuja wengi na waandishi wa habari walikuwepo.

Ombi langu basi ni waraka. Mmoja tu, wa Kiswahili cha kawaida, ubandikwe ukutani kwenye kila kituo mahali ambapo abiria anausoma akiwa kwenye foleni. Useme kwamba raia anayerejea asirudishwe nje kwa sababu ya pasipoti kuisha au kupotea, bali atambuliwe hapo hapo kwa NIDA au kwa kumbukumbu za pasipoti yake ya zamani. Mtandao ukiwa chini, na huwa chini, useme nani mwenye mamlaka ya kuamua kituoni na kwa muda gani. Kama kuna faini au ada, itajwe kiasi, na ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali kwenye simu, risiti itoke. Hili la risiti nakuomba ulitilie mkazo, kwa sababu pale ambapo kiasi hakikuandikwa ukutani, kinatajwa kwa sauti ya chini.

Na watoto wasisahauliwe. Akina dada wengi wanarudi na watoto waliozaliwa hospitali za Kenya, wana karatasi ya kliniki tu. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa raia kwa kurithi, lakini dirishani nimesikia mama akiambiwa apite yeye, mtoto abaki. Abaki na nani, hakuambiwa.

Kwa wale walioko Nairobi na Mombasa ambao bado hawajaanza safari, hati ya dharura ipo, na mimi huwa nawashauri waitafute kwanza kabla ya kukata tiketi. Lakini msiba hausubiri siku za kazi. Mtu aliyefukuzwa kazini usiku na begi lake limetupwa nje ya geti hana nauli ya kwenda mjini na kurudi mara mbili tatu.

Sisemi leo habari ya kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, ambayo Kenya, Uganda na Rwanda walianza kuruhusiana mwaka 2014 na sisi tukabaki nje. Hiyo ina wakubwa wake na mikutano yake Arusha. Hili la kumpokea wa kwako halihitaji kikao na jirani yeyote. Linahitaji sahihi yako.

Waraka ukitoka, naomba nakala ifike pia kwenye ofisi za mabasi. Nitaibandika nyuma ya kiti cha dereva, na tutaisoma kwa sauti kabla ya kuondoka Nairobi, ili aliye na pasipoti iliyokwisha ajue aandae nini na amwambie nini afisa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Konda wa mabasi ya Arusha na Nairobi

Nakala: Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Dodoma