Bledi ya futi ngapi inalifaa trekta lako dogo?

Wateja wengi wanaotujia kutafuta bledi ya boksi huanza na nguvu za injini. "Trekta langu ni la farasi 30, nipatieni ya futi 6." Nasi huwauliza: magurudumu ya nyuma yana upana gani, kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia? Wengi hawajapima. Tumeandika makala haya ili upime kabla hujatoka nyumbani, maana bledi ni chuma cha kukaa nacho miaka mingi, na ukikosea upana utaulipia kila siku ya kazi kwa mafuta, matairi na muda.

Kwa asiyeijua, bledi ya boksi ni sanduku la chuma lisilo na sakafu wala ukuta wa mbele, linalofungwa nyuma ya trekta kwenye mikono mitatu ya kuinulia, miwili ya chini na mmoja wa juu. Mbele lina meno ya kuchokoa ardhi ngumu. Nyuma lina visu viwili: kisu cha mbele hukata trekta likienda mbele, kisu cha nyuma hulainisha trekta likirudi kinyumenyume. Kuta za pembeni huzuia udongo usimwagike, ndiyo maana unaweza kuukwangua kwenye mwinuko na kuuburuta hadi kwenye shimo la mbele yako. Haitumii shafti ya trekta ya kuzungushia mitambo, kwa hiyo hakuna giaboksi ya kuharibika. Hapa kwetu Mombasa inatengeneza njia za kuingilia ploti Utange na Kiembeni, viwanja vya mpira vya shule, yadi za malori Miritini na Jomvu, uwanja wa hoteli Shanzu, na barabara za ndani ya mashamba kule Mtongwe.

Anza na magurudumu

Bledi lazima ifunike nyayo za magurudumu ya nyuma na izidi kidogo kila upande, inchi 2 au 3 hivi. Trekta ambalo matairi yake ya nyuma, nje hadi nje, ni inchi 48, linataka bledi ya inchi 54. Likiwa na inchi 54, tafuta ya 60. Kwa sentimita, bledi ya futi 4 ni 122, ya futi 5 ni 152, na ya futi 6 ni 183.

Sababu ya kwanza kila mtu anaiona: bledi nyembamba kuliko magurudumu huacha mifereji miwili ya matairi pembeni ya kazi yako, na mvua ya kwanza ikinyesha maji hufuata mifereji hiyo hiyo. Sababu ya pili haionekani mpaka uanze kukata chini. Bledi ikichimba sentimita 5 katikati huku magurudumu yakibaki juu ya ardhi isiyokatwa, mzunguko unaofuata tairi moja litaingia ndani ya mkato na jingine litabaki juu. Trekta linainama, bledi inainama nalo, na mkato wa tatu unakuwa mbaya kuliko wa pili. Opareta atalaumiwa bure. Halafu kuna ukuta na ua. Ploti zetu zimebanana, na bledi isiyotokeza nje ya tairi haiwezi kufika kando ya ukuta, kwa hiyo sehemu hiyo utaimaliza kwa jembe la mkono.

Kama magurudumu ya nyuma ya trekta lako yanaweza kutanuliwa, pima jinsi yalivyo sasa, na ukiyatanua siku nyingine kumbuka kwamba na bledi nayo itaonekana imepungua.

Kisha uzito, ndipo injini

Mwongozo unaotumika sana ni angalau farasi 5 au 6 kwa kila futi ya bledi. Ndiyo maana futi 4 hupewa matrekta yasiyozidi farasi 25, futi 5 yale ya 25 hadi 35, na futi 6 yale ya 35 hadi 50. Mwongozo huo ni mzuri kwa kuanzia, lakini umesimama juu ya udongo wa wastani na trekta lenye uzito wa kutosha. Injini haikokoti kitu kama tairi halijaishika ardhi.

Tufanye hesabu. Bledi ya futi 5 yenye kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 60 kutoka mbele hadi nyuma, ikijaa nusu, inabeba karibu moja ya tano ya mita ya ujazo. Udongo uliochokolewa wa kiasi hicho ni kama kilo 300. Ongeza bledi yenyewe, tuseme kilo 230. Ipanue iwe futi 6 kwa kimo na kina vile vile: udongo unafika kama kilo 360, na chuma kama kilo 280. Trekta la kilo 900 sasa linaburuta zaidi ya kilo 600, na bado kisu kinakata ardhi mpya. Kwenye ardhi ngumu, iliyokauka, huenda likaweza. Kwenye mchanga, matairi yatazunguka pale pale. Dereva akihisi trekta limekwama huinua bledi, anaacha chungu, anaenda mbele, anaishusha tena. Akimaliza, barabara ina mawimbi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwenye ploti anadhani bledi ni mbovu.

Uzito wa nyuma unaweza kuongezwa kwa kutia maji ndani ya matairi, hadi robo tatu ya nafasi yake. Katika nchi za baridi huchanganya dawa ya kuzuia barafu. Mombasa hatuhitaji, maji matupu yanatosha. Ila yasiwe maji ya kisima chenye chumvi, na visima vingi vya kwetu vina chumvi. Tairi lisilo na tyubu likitiwa maji hayo, rimu italiwa na kutu kwa ndani, mahali ambapo huoni.

Ardhi ya Mombasa si moja

Hapa ndipo miongozo iliyoandikiwa mashamba ya mbali inapokosea. Kisiwa chenyewe na ukanda wa pwani kuanzia Nyali hadi Shanzu vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Juu yake unaona mchanga au udongo mwekundu kidogo, unadhani kazi ni nyepesi, kisha jino linagonga jabali. Bledi inapogonga kwa kona yake ya nje, nguvu yote inavuta upande mmoja wa trekta. Kadiri kona ilivyo mbali na katikati, ndivyo pua ya trekta inavyovutwa upande zaidi na ndivyo mikono ya chini na minyororo yake ya pembeni inavyopata taabu. Mikono iliyopinda tunayoletewa kunyoosha mara nyingi imetoka kwenye trekta dogo lililofungwa bledi pana katika ardhi ya matumbawe. Sababu ya pili ya kupinda ni kurudi nyuma kwa kasi huku bledi ikisukuma kifusi. Kisu cha nyuma ni cha kulainisha polepole. Mikono ya trekta imeundwa kuvuta.

Upande wa Changamwe, Jomvu na Miritini kuna mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mgumu na unahitaji meno yashushwe. Ukiloa unagandamana ndani ya boksi na hautoki. Huko saizi ya bledi haikusaidii kama umechagua siku mbaya. Mvua kubwa za Mombasa huanza Aprili na Mei ndiyo huwa na maji mengi zaidi, kwa hiyo kazi ya barabara ya mfinyanzi ifanywe kabla, ardhi ikiwa na unyevu kidogo tu. Mchanga wenyewe, kama ule wa vilima vya bara, unakatika kirahisi, ila hauyapi matairi mshiko.

Kwa hiyo msimamo wetu, na tunausema hata kama unatupunguzia bei ya mauzo, ni huu: ukijikuta kati ya saizi mbili, na ndogo inafunika magurudumu, chukua ndogo. Pesa inayobaki iweke kwenye uzito wa chuma. Bledi nyepesi na pana huteleza juu ya matumbawe ikikwaruza tu. Nzito na fupi huuma. Kwetu, bledi iliyo chini ya kilo 45 kwa kila futi haifai kuingia ardhi ya pwani. Angalia pia kama visu vimefungwa kwa bolti na vinaweza kugeuzwa, maana matumbawe hula ncha upesi na ukigeuza unapata ncha mpya bila kununua. Kisu kilichochomelewa moja kwa moja kwenye boksi kitakurudisha kwa fundi wa kuchomea kila kikiisha.

Kuna kitu kimoja cha usalama tusichokiruka. Bledi ikiinuliwa, pua ya trekta inakuwa nyepesi. Angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki kwenye magurudumu ya mbele, la sivyo utakata kona na trekta lisikate. Kijitabu cha trekta hueleza uwezo wa kuinua kwa namna mbili: kwenye ncha ya mikono, na sentimita 61 nyuma yake. Soma ile ya pili. Ndiyo iliyo karibu na hali halisi, kwa sababu uzito wa bledi hauning'inii kwenye ncha.

Kuhusu pini za kuifungia bledi kwenye mikono, matrekta madogo mengi hutumia pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19. Yale makubwa kidogo hutumia 28 na 25. Tundu kubwa linaweza kupunguzwa kwa bushi, yaani kipande cha bomba la chuma kinachoingizwa ndani yake, lakini tundu dogo halitaingia pini kubwa. Wenye matrekta yaliyotumika ya Kijapani, kama Kubota, Yanmar au Iseki yaliyoshushwa bandarini hapa, chunguzeni zaidi: mengine huja na mikono iliyoundiwa rotaveta yake tu (jembe linalozungushwa na injini), na inabidi ibadilishwe kabla ya kufunga kitu kingine.

Na wewe ambaye tayari una bledi na unaona saizi si yake, jaribu kwanza mkono wa juu. Ukiufupisha, bledi inainamia mbele, meno na kisu cha mbele vinachimba zaidi. Ukiurefusha, inaegemea nyuma na kulainisha. Bledi ya saizi sahihi yenye mkono mfupi mno itajaa upesi na kukwamisha trekta kama vile ni kubwa kupita kiasi. Zungusha mkono huo raundi moja kwa wakati, ujaribu mita chache, uzungushe tena. Ukitaka barabara iwe na mgongo ili maji yamwagike pembeni, kama sentimita 4 kwa kila mita kutoka katikati, tumia mkono wa pembeni wenye kurekebishika kuinamisha bledi upande mmoja.

Ukija kwetu, njoo na upana wa magurudumu ya nyuma kwa inchi au sentimita, uzito wa trekta ulioandikwa kwenye kijitabu au kwenye bamba lake, kipenyo cha pini, na utuambie unafanyia kazi mtaa gani. Picha ya mikono ya nyuma kwenye simu inatusaidia pia. Kama trekta linaweza kufika, lilete lenyewe: tutaifunga bledi, utaiburuta kwenye kifusi kilichoko uwanjani petu, ukiridhika ndipo tuandikiane risiti. Baada ya saa chache za kwanza za kazi kaza bolti zote za visu upya na upake pini grisi, kwa sababu hewa hii ya bahari haisubiri rangi ichubuke mara mbili.