Baada ya marahaba, ulizeni kingine

Wajukuu zangu wa Newala mlioko Dar,

Korosho zimeanza kudondoka, na najua Ijumaa mtawapigia simu bibi na babu zenu. “Shikamoo bibi.” “Marahaba, hamjambo?” “Hatujambo, na wewe?” “Mzima wa afya.” Mnakata simu, roho kwatu. Salamu hizo zinawadanganya. Mtu hata kumbukumbu ikianza kumtoka atazijibu vizuri tu. Kazizoea toka utotoni, ulimi unajiendea wenyewe.

Marehemu dada yangu alikuwa hivyo. Treni ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, iliyokufa miaka ya 1960, alikusimulia mpaka mlio wake. Ukimuuliza kala nini mchana, anakurudishia: “Kwani wewe hukula?” Tukacheka, tukasema bibi ana utani. Kumbe alikuwa anaficha. Kisamvu akakitia chumvi mara mbili. Akapotea njia ya shamba alilopalilia miaka arobaini. Hela za korosho akazifukia kwenye gunia la makopa, ile mihogo mikavu, halafu akamwita mjukuu wake mwizi. Hapo majirani wakaanza maneno ya uchawi, na mimi, nakiri, nilinyamaza miezi.

Jina la mkwe likikupotea mchana na kukurudia usiku, huo ni uzee, hata mimi unanipata. Kuuliza jambo lile lile mara tano kabla chai haijapoa ni kitu kingine. Waganga wa hospitali wanauita dimenshia; ubongo wenyewe unaharibika. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ila mpelekeni akapimwe, maana matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata huzuni ya kufiwa, humvuruga mzee vivyo hivyo, na hayo yanatibika. Presha na sukari zipimwe pia. Na akivurugika ghafla, jana mzima leo hakutambui, huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo. Hospitali siku hiyo hiyo, msingoje mnada wa korosho upite.

Basi baada ya marahaba, ulizeni mnada wa juzi bei ilikuwaje, jana nani kapita kumsalimia. Kwa maongezi, si kama karani wa sensa. Akizidi kujibu kwa mzaha, mpigieni anayeishi naye.

Nami mkinipigia, niulizeni. Nina miaka 76.

Babu yenu,
Newala