Msituuzie mota nzima wakati kilichokufa ni sensa

Kwako mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na hawa wanaotuuzia pikipiki na bajaji za umeme, maana huku mtaani kuna kitu kinaniuma sana. Kijana wa boda chombo kinaanza kusumbua, akivuta ekseleta gurudumu linatetemeka na kuguna bila kwenda, akisukuma kwa miguu linashika, anarudi alikonunulia anaambiwa mota imeungua nunua nyingine. Jamani, mara nyingi hiyo mota ni nzima kabisa, kilichokufa ni sensa, kidude kidogo cha kuhisi kilicho ndani yake!

Kwa asiyejua, mota hizi hazina kaboni kama ile ya stata ya gari. Kule kaboni ndio zinapokezana umeme kwenye koili, mota inajibadilishia yenyewe. Hii ya kwenye ringi koili zimetulia tu katikati, sumaku ndio zinazunguka na gurudumu, kwahiyo lazima kontrola (kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota) ijue sumaku zimefika wapi ndio ipeleke umeme kwenye waya sahihi kati ya zile 3 nene. Kazi hiyo inafanywa na sensa 3 za Hall, vidude vyeusi vya miguu 3 vilivyopachikwa kwenye chuma cha koili vinahisi sumaku ikipita (aliyegundua hilo jambo ni Mmarekani Edwin Hall, mwaka 1879). Kila moja inajibu ndiyo au hapana, majibu ya zote 3 yakiunganishwa yanatoa nafasi 6, na kila nafasi kontrola inahamisha umeme. Sensa moja ikifa kontrola inapewa jibu ambalo halipo au la uongo, umeme unaenda koili isiyo yake, ndio huko kutetemeka.

Najua kuna watakaosema mbona droni zinaruka bila sensa. Kweli, kule kontrola inasoma umeme ambao mota yenyewe inazalisha ikiwa inazunguka, ila mota ikisimama haizalishi kitu, na panga la droni linaanza likiwa jepesi halina mzigo. Sasa mtu kasimama kwenye kilima ana abiria nyuma na gunia la mchele mbele, hapo utabahatisha uanzie koili gani? Chombo cha mzigo kinahitaji sensa, basi.

Na kupima wala sio kazi ngumu. Soketi ya sensa ina waya 5 nyembamba, kwa kawaida nyekundu na nyeusi ni umeme, njano, kijani na bluu ni majibu, ingawa rangi sio sheria, kuna viwanda vinabadilisha. Iache imechomekwa, washa swichi, mita iguse nyeusi na nyekundu uone volti kama 5, usipoziona mota usiiguse kwanza, tatizo liko kwenye kontrola au waya. Zikiwepo, ncha moja ya mita ibaki kwenye nyeusi, nyingine hamishia kwenye zile 3 za majibu moja moja huku unazungusha gurudumu kwa mkono taratibuu, kila moja inatakiwa ipande karibu na 5 ishuke karibu na 0. Inayoganda sehemu moja ndio mgonjwa wako, au waya wake umekatika, na waya unakatika sana pale nati ya ekseli ikilegea, ekseli inajizungusha inauvuta. Maji ya mvua na joto nayo yanaua sensa.

Kwahiyo ombi langu kwa waagizaji, leteni sensa kama spea, tena toeni mchoro wa waya pamoja na chombo, sio fundi abahatishe rangi mpaka aunguze kontrola. VETA nao waweke kozi fupi ya mota hizi, sisi mafundi wa injini za mafuta tuko wengi na tunataka kujifunza. Na bei ya sensa ibandikwe ukutani dukani, palepale ilipobandikwa bei ya mota.

Fundi pikipiki, Mbagala, Dar es Salaam