Milingoti ya mabondeni isihesabiwe kuwa utunzaji wa mazingira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Mufindi tunaliona kila kiangazi. Maji yanapopungua, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mkulima wa vinyungu, yule anayetumia unyevu wa bondeni kupata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya juu yamekauka. Milingoti, yaani mikaratusi, iliyosimama hatua ishirini kutoka kwenye kinyungu hichohicho haiulizwi na mtu, kwa sababu ni miti, na tumezoea kuamini kwamba aliyepanda mti, wowote ule na popote pale, amekwisha kutunza mazingira.

Naandika nikiwa mmoja wa waliokosea. Mwaka 1998 nilipokea miche ya bure iliyoletwa kijijini kwetu, nikaipanda kuzunguka chemchemi iliyo chini ya shamba la marehemu baba, mahali palipokuwa tepetepe mwaka mzima na ambapo tuliona hapafai kwa lolote. Hakuna aliyetukataza, mojawapo ya sifa tulizotajiwa za mlingoti ilikuwa kwamba unakausha tope. Siku hizo ndoo ya lita 20 ilijaa kabla wanawake wawili waliokutana pale hawajamaliza kusalimiana, ingawa nakiri kwamba salamu za kwetu si fupi. Miaka kumi na minne baadaye, nilipouza nguzo za kwanza, nilimkuta mama amechimba shimo dogo palepale, anachota kwa kikombe cha plastiki maji yenye rangi ya chai, anasubiri yajae, anachota tena. Mabati ya nyumba ninayoishi yametokana na nguzo zile, kwa hiyo sina sababu ya kuudharau mlingoti. Umesomesha watoto wengi wilayani kwetu, umejenga nyumba, na kuni zake hukausha chai viwandani.

Tatizo ni mahali unapopandwa. Mlingoti asili yake ni Australia. Hukua haraka, haupukutishi majani yote kiangazi kama ifanyavyo miti mingi ya miombo, na mizizi yake huyafuata maji hadi chini sana. Ukiwa juu kilimani unaishi kwa mvua iliyonyesha pale, na ukipungukiwa hupunguza mwendo. Ukiwa bondeni haupungukiwi kamwe, kwa kuwa unakunywa mchana wa Agosti na Oktoba kutoka kwenye akiba ileile inayoufanya mto uendelee kutiririka mvua zikiwa hazipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa kifungu hiki wakulima wa vinyungu wamekuwa wakiamriwa kuondoka mabondeni, na sisemi kwamba wote wameonewa, kwani wapo wanaochimba mifereji ya kukausha bonde na wanaopulizia nyanya dawa hatua tatu kutoka kwenye maji ya kunywa. Lakini kinyungu huachwa mvua za Novemba zinapoanza, wakati mlingoti hukaa miaka kumi na zaidi, na ukikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki chake. Wanasheria watusaidie kusema ni kipi kati ya viwili hivyo ndicho cha kudumu.

Jambo hili haliishii kwetu. Maji ya Mufindi yanayoingia mto Ndembera hushuka hadi bonde la Usangu, hupita ardhioevu ya Ihefu, kisha huwa sehemu ya mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kuwaacha viboko wakibanana katika madimbwi ya matope. Chini zaidi yapo mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambayo taifa zima limeyategemea kwa umeme. Mwaka 2001 Serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 mto huo ungetiririka mwaka mzima. Wafugaji waliondolewa Usangu, eneo hilo likaingizwa katika hifadhi mwaka 2008, na bado mto unakatika. Lawama kubwa huelekezwa kwenye mifereji ya mpunga ya Mbarali, hukohuko Usangu, na kwa sehemu kubwa ni lawama ya haki. Hata hivyo, sisi tulioko juu tumeachwa tujione walinzi wa vyanzo, huku tukiwa tumevizungushia miti inayovinywa.

Ombi langu kwa halmashauri za Iringa, Njombe na Mbeya ni dogo. Taarifa za upandaji miti zisiishie kwenye idadi ya miche. Zitaje pia ni mti gani na umepandwa umbali gani kutoka kwenye maji. Mwenye milingoti ndani ya mita 60 aruhusiwe kuvuna iliyopo, maana ni jasho lake, kisha azuiwe kuiacha ichipue, na apewe miche ya mivengi, mti wetu wa asili ambao wazee waliuacha kwenye chemchemi kwa makusudi. Afrika Kusini ilianza mwaka 1995 kuwalipa vijana wasio na ajira wang'oe miti ya kigeni kando ya mito. Vijana wa namna hiyo hata kwetu wapo.

Mimi nilikata yangu yote mwaka 2016. Kuua kisiki cha mlingoti kunachosha kuliko kuuangusha mti wenyewe: unabandua gome hadi usawa wa udongo, unarudi mwezi unaofuata kupukusa machipukizi, unarudi tena. Chemchemi haijawa kama zamani, ila kiangazi kilichopita ndoo ilijaa kwa dakika kumi na moja, na mivengi imenipita kimo. Visiki vinne bado vinachipua.

Mkulima,
Mufindi, Iringa